Fiziotherapia Marekani: Shahada Kwanza, Maombi Baadaye

Kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania na kufaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia anaweza kuomba shahada ya fiziotherapia KCMC, Moshi, na akaanza masomo mwaka huohuo. Mwenzake aliyemaliza sekondari Columbus au Dallas, Marekani, hana njia fupi kama hiyo. Kwa kawaida lazima apate kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe nafasi ya kusomea udaktari wa fiziotherapia, yaani DPT, ambao nao huchukua kama miaka mitatu. Vipo vyuo vichache vinavyomchukua mwanafunzi moja kwa moja kutoka sekondari na kuyaunganisha masomo hayo katika miaka sita, ila nafasi zake ni za kugombania. Kwa familia za Waswahili zilizohamia huko, hasa zile zilizotoka Kongo na kuishi kambini kabla ya kuvuka bahari, ni vyema kulijua jambo hili mtoto akiwa bado sekondari.

Mambo hayakuwa magumu hivyo tangu zamani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani iliwafundisha wanawake kwa kozi za muda mfupi, katika sehemu kama hospitali ya Walter Reed jijini Washington na Chuo cha Reed kule Oregon, ili wawarudishie askari majeruhi nguvu za mikono na miguu. Mwaka 1921 wanawake hao waliunda chama chao, kikiongozwa na Mary McMillan, na ndicho kinachoitwa leo APTA. Baadaye ugonjwa wa polio uliwaongezea kazi na heshima. Masomo yakapanda daraja: cheti, shahada, shahada ya uzamili. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Creighton, Nebraska, kikaanza kutoa udaktari kwa wanaoingia kwenye fani, na kufikia mwisho wa 2015 CAPTE, chombo kinachotoa ithibati kwa masomo haya, kilikuwa kimefunga milango mingine yote. Asiye na DPT kutoka programu yenye ithibati haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni, labda awe amesomea nje ya nchi.

Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote. Wengi husoma sayansi ya mazoezi ya mwili au baiolojia, lakini aliyesoma historia naye hukubaliwa, ilimradi awe na kozi za awali zinazotakiwa. Hapa ndipo waombaji wengi wanapokwama. Orodha ya kawaida ina anatomia na fiziolojia ya binadamu mihula miwili, kemia mihula miwili, fizikia mihula miwili, zote pamoja na maabara, kisha baiolojia, takwimu na saikolojia. Kila chuo kina nyongeza na vikwazo vyake. Kimoja hakitambui kozi iliyopita miaka kumi, kingine mitano. Kimoja kinakubali maabara ya mtandaoni, kingine hakitaki hata kuisikia. Alama ya C huwa ndiyo ya chini kabisa, na C yenye alama ya kutoa mara nyingi haihesabiki, hivyo mtu hulazimika kuirudia kozi nzima kwa pesa yake. Busara ni kuchagua vyuo vinne au vitano mapema, mwaka wa pili wa shahada, na kupanga kozi kwa kufuata kile chenye masharti makali kuliko vyote.

GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 ndiyo inayotajwa zaidi kama kiwango cha chini. Mtu asidanganyike na tarakimu hiyo: wanaopata nafasi kwa kawaida huwa na karibu 3.5 au zaidi. Vyuo vingi pia hupiga hesabu ya pili kwa kozi za sayansi peke yake, kwa hiyo A za michezo na uandishi haziwezi kuificha D ya fizikia. Mtihani wa GRE uliokuwa ukitisha watu umefutwa na vyuo vingi miaka ya karibuni, ingawa si vyote.

Sharti linalowatesa wasio na pesa halimo darasani. Ni saa za kushuhudia kazi: mwombaji hukaa pembeni ya mfiziotherapia mwenye leseni, akimtazama anavyomfundisha mgonjwa wa kiharusi kushika kijiko upya au kumsimamisha mzee aliyebadilishiwa nyonga. Kuna vyuo visivyodai hata saa moja, na kuna vinavyodai 100 au zaidi, tena zigawanywe kati ya hospitali na kliniki ya wagonjwa wa nje. Kwa kijana anayefanya zamu ya usiku ghalani na hana gari, saa hizo ni mlima. Tena kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, ambayo wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki huifanya, kwa kawaida haihesabiwi, hata kama inachosha mgongo kuliko kliniki yoyote. Nafuu ipo: kliniki nyingi huajiri wasaidizi wa kupanga vifaa na kusafisha vitanda, bila kudai cheti, na vyuo vingi hukubali saa hizo za kulipwa. Atakayepata kazi hiyo hupata pia kitu ambacho hakinunuliwi, yaani mfiziotherapia anayemfahamu vizuri kiasi cha kumwandikia barua ya udhamini.

Barua hizo hutakiwa mbili hadi nne. Huambatana na insha isiyozidi herufi 4,500, nafasi zikiwemo, na vyote hutumwa kupitia PTCAS, mfumo mmoja unaopeleka maombi kwa vyuo vingi. Mfumo hufunguliwa mwezi Juni. Vyuo vingi huanza kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma siku ya mwisho, ingawa hajachelewa kwa mujibu wa kalenda, huenda akakuta viti vimebaki vichache. Ada ya chuo cha kwanza peke yake huzidi dola 100. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha. Kisha kuna usaili, ana kwa ana au kwa video.

Wengi hushauriwa waanzie chini: wasome kwanza usaidizi wa fiziotherapia katika chuo cha jamii, stashahada ya miaka miwili hivi, halafu wapande. Ushauri huo una mantiki kwa aliyekulia Tanzania, ambako mwenye stashahada hufanya kazi, akajiendeleza hadi shahada. Marekani mambo ni tofauti. Msaidizi ana mtihani wake na leseni yake, na hufanya kazi chini ya mfiziotherapia, bila kumchunguza mgonjwa mpya wala kupanga tiba. Kozi zake za fani hazipunguzi DPT hata muhula mmoja katika vyuo vingi. Chuo Kikuu cha Findlay, Ohio, ni mojawapo ya vichache vilivyotengeneza njia ya wikiendi kwa wasaidizi wanaotaka kupanda. Kwa hiyo anayetaka usaidizi na ausome kwa sababu anaitaka kazi hiyo, nayo si ya kudharau: mwaka 2023 mshahara wa kati wa msaidizi ulizidi kidogo dola 60,000 kwa mwaka, na wa mfiziotherapia ulikaribia dola 100,000.

Tarakimu hiyo ya pili ina kivuli chake. Ripoti ya APTA ya mwaka 2020 ilionesha kuwa wastani wa deni la elimu kwa wafiziotherapia wapya wenye madeni ulizidi dola 150,000. Ipo programu isiyotoza ada, ya Jeshi la Marekani na Chuo Kikuu cha Baylor, kule San Antonio, ambako wanafunzi ni maofisa wanaolipwa mshahara huku wakisoma, kisha hulitumikia jeshi kwa miaka waliyokubaliana. Lazima uwe raia, na lazima uwe na pumzi.

Barua ya kukubaliwa ikifika, karatasi hazijaisha. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi huonesha chanjo ya homa ya ini B na surua, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, na hukaguliwa kama ana rekodi ya uhalifu.

Aliyesomea fiziotherapia Moshi au Nairobi na sasa anaishi Marekani hahitaji kuanza upya. Vyeti vyake hupelekwa kwa wakaguzi kama FCCPT, ambao hulinganisha kozi moja baada ya nyingine na zile za DPT. Zikipungua, hujazia zile tu zinazokosekana. Jimbo analoishi ndilo linaloamua mengine, pamoja na kiwango cha Kiingereza. Kisha hufanya mtihani uleule wa leseni, NPTE, wanaofanya wahitimu wa huko, unaopimwa kati ya 200 na 800, na ufaulu ni 600. Unaruhusiwa kuurudia, lakini si zaidi ya mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, na mara sita maishani.