Sonona, VVU na Unyanyapaa Tunduma

Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, nayo hupandisha sukari ya damu ili mwili upate nguvu ya kupambana au kukimbia. Hofu ikidumu kwa miezi, homoni hiyo hiyo huumiza: shinikizo la damu hupanda, usingizi hupotea na kinga hulegea.

Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde nchini Zambia, una kila sababu ya kulijua jambo hili. Madereva na matingo wa malori husubiri hapo kuvuka mpaka, mbali na familia zao, na mama lishe na wachuuzi hupata riziki kwao. Katika miji ya barabara kuu kama huu, hofu hiyo huambatana na VVU na sonona, ambazo huweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja. Ugonjwa wa kwanza umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, wa pili hautajwi.

Kutotajwa huko kunaua. Utafiti uliofuatilia wanawake 996 wenye VVU jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wenye dalili za sonona walizidiwa haraka zaidi na walifariki kwa wingi kuliko wenzao. Mwenye sonona hukosa hamu ya kula, husahau dozi, huona kliniki haina maana. Mwili nao huweza kuanzisha huzuni: VVU hufika kwenye ubongo wenyewe, na efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana nchini kabla ya kuja kwa dawa mpya ya dolutegraviri, iliwaletea baadhi ya wagonjwa jinamizi na sonona. Kumwita mgonjwa huyo mvivu au mwenye imani haba ni kumwonea.

Unyanyapaa huongeza mzigo. Anayeogopa kuonekana huficha vidonge au huenda kituo cha mbali. Dozi zikikatika, virusi huzaliana na huweza kuwa sugu. Anayedhaniwa amerogwa huzungushwa kwa waganga huku hali ikizidi.

Ipo njia ya kuwafikia wagonjwa bila kuwaanika. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za sonona zikipungua sana, na mpango huo umefika Zanzibar. Nguvu yake ni kwamba tiba iko palepale penye huduma za kawaida, hivyo anayeketi hapo hajitambulishi kuwa mgonjwa wa akili. Kwenye kliniki ya VVU, muuguzi anaweza kuanza kwa maswali mawili wakati wa kutoa dawa: je, katika wiki mbili zilizopita mgonjwa amekosa raha ya kufanya mambo, na je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa?