Kiti cha Kulishia Mtoto na Usalama Wake

Baadhi ya wazazi mjini Babati siku hizi huwalisha watoto wao katika viti virefu, badala ya kuwapakata au kuwaketisha mkekani. Kiti hicho humweka mtoto mbali na jiko la mkaa lililo sakafuni, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, humwinua hadi kimo ambacho akianguka anaweza kutanguliza kichwa.

Ajali hutokea mtoto anaposimama kitini, au anapoisukuma meza kwa miguu na kiti kikapinduka naye. Kwa hiyo mikanda ifungwe kila mara, ukiwemo unaopita katikati ya miguu, kwani ndio unaomzuia kuteleza chini ya kimeza na kunaswa shingo. Kiti cha mtumba kikaguliwe kabla ya kununuliwa. Kama mkanda huo umekatika, kanga ya kiunoni haitoshi. Chai na uji wa moto viwe mbali na mikono yake. Dada wa kazi naye aelezwe haya, maana mara nyingi ndiye mlishaji.

Mtoto akiungua, papoozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipo bomba, yamiminwe polepole kwa jagi. Pasipakwe dawa ya meno, asali wala yai. Akianguka, kisha akatapika, akalegea au akasinzia isivyo kawaida, apelekwe mara moja Hospitali ya Mrara au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku.