Mfumo Endeshi kwa Mzazi: Uteuzi Wake na Istilahi Zake

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kuutunza mfumo wake wa Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara: kompyuta kuukuu iliyo nyumbani kwa wazazi, ambayo bado ni nzima lakini haikidhi masharti ya mfumo mpya wa kampuni hiyo, iwekewe nini? Wengi hujibu kuwa iwekewe Linux. Jibu hilo ni jema, ila huja na msururu wa maneno ambayo mzazi hajapata kuyasikia. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijadili jambo hili hapa, kwani kwa maoni yetu nusu ya uteuzi huo ni suala la istilahi.

Tuchukue mfano wa mzazi anayeishi Sanje, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Tuseme ni mkulima wa miwa aliyemaliza darasa la saba, naye ni mweka hazina wa chama chao cha ushirika. Kompyuta aliletewa na mwanawe aliye Dar es Salaam, ili hesabu za chama zisiendelee kukaa katika madaftari yanayoliwa na mchwa. Intaneti yake ni ya simu, nayo hununuliwa kwa vifurushi. Akikwama humpigia mwanawe. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: mwana hakioni kioo, mzazi hakijui Kiingereza cha kompyuta, na daraja pekee lililobaki kati yao ni maneno.

Mfumo endeshi ni programu inayotawala mashine nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Linux hasa ni kiini tu cha mfumo wa namna hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Watu na makampuni mbalimbali hukichukua kiini hicho, wakakiongezea programu za kuandikia, za kukokotolea na za kutembelea tovuti, kisha wakautoa mzigo wote kwa jina lao. Kila mzigo wa namna hiyo huitwa na wengine «usambazaji», na wengine «toleo». Sisi haturidhiki na yote mawili. Usambazaji ni tendo la kueneza, si kitu kinachoenezwa. Na toleo tunalihitaji kwa maana yake iliyozoeleka, yaani toleo la kwanza, la pili na kuendelea. Tunapendekeza «mkusanyo». Ubuntu ni mkusanyo, Debian ni mkusanyo, Linux Mint ni mkusanyo. Na kila mkusanyo una matoleo yake.

Programu hizi huitwa huria. Katika jambo hili Kiswahili kimekipita Kiingereza, kwa maana Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na malipo na kwa kitu kisichofungwa na mwenyewe, hata Richard Stallman, aliyeanzisha harakati za programu hizo mwaka 1983, amelazimika kueleza tofauti hiyo kwa miaka mingi. Sisi tuna «bure» na tuna «huria», kama katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwana asimwambie mzazi kwamba amemwekea mfumo wa bure. Bure kwetu ni pia kitu kisicho na maana, na mweka hazina hataamini kwamba fedha za watu zihesabiwe kwa kitu cha namna hiyo.

Sasa, mkusanyo upi? Jina la Ubuntu, mkusanyo uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, lina mzizi uleule wa «utu», lakini jina zuri si sababu ya kuchagua. Kwa mzazi wetu tunaona Linux Mint inafaa zaidi. Orodha ya programu iko pembeni chini kushoto, mahali ambapo mtu aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta ya ofisini huitafuta. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litatunzwa hadi 2029, hivyo mzazi hatalazimika kujifunza upya kila mwaka. Masahihisho hayapakuliwi mpaka mwenyewe aridhie, na hilo si dogo kwa mtu anayenunua vifurushi. Aidha mkusanyo huu una programu ya kuurudisha mfumo katika hali yake ya awali pakitokea hitilafu, ilimradi mwana aitayarishe mapema. Huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndizo zinazostarehesha. Kwa mashine dhaifu kuna umbo jepesi liitwalo Xfce. Mikusanyo ya wajuzi, kama Arch, tuiache kwa wajuzi.

Mwana pia aweza kuijaribu Mint kutoka katika flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Afanye hivyo mzazi akiwa ameketi naye, na asome kwa sauti kila neno linalotokea kiooni.

Kwa maana uzito wote uko katika maneno hayo. Mzazi hahitaji istilahi elfu; katika kazi yake ya kila siku hukutana na maneno ishirini hivi, nayo ndiyo yanayopasa kuwa sahihi. «Pakua» halina shida, kila nyumba hupakua wali. «Nenosiri» tunalipendelea kuliko «nywila», kwa sababu linajieleza, na mtumaji wa fedha kwa simu amekwisha kuizoea namba ya siri. «Hifadhi» ni zuri mno kwa watu wa Sanje, ambao tangu 1992 ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Wanajua kwamba kilichohifadhiwa hakiguswi ovyo. Mfasiri atakayeandika «okoa» atakuwa amefuata neno la Kiingereza na kuiacha kazi yenyewe.

Hatari kubwa iko katika «futa». Neno hili hutumika kwa kuondoa faili, na wafasiri wengine hulitumia pia kwa kuacha tendo lililokwisha kuanzwa, kwani tunasema mkutano umefutwa. Fikirini kioo kinachouliza kama faili la hesabu za msimu mzima liondolewe, na kitufe cha kumnusuru aliyekosea kimeandikwa «Futa». Mwana, akiwa Dar es Salaam, atasema nini kwenye simu? «Futa» libaki kwa kuondoa peke yake, na kwa kuacha tendo litumike «ghairi». Tunajua kwamba ghairi si neno la kila siku huko bara. Hata hivyo hufundishika kwa dakika moja, na hesabu zilizopotea hazifundishiki.

Kazi ya kuifasiri mifumo huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliomhusisha mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini tafsiri za Kiswahili katika mikusanyo ya leo bado zina mapengo, na hufanywa na watu wa kujitolea walio mbalimbali. Mmoja huandika «faili», mwingine «jalada», na mzazi hudhani ni vitu viwili. Tungependa wafasiri wayakamilishe kwanza yale maneno ishirini, kwa orodha moja, kabla ya kuendelea na mengine. Kwa sasa, endapo kioo kitakuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, ni heri mwana akiache katika Kiingereza na kubandika ukutani karatasi yenye maneno hayo na maana zake.

Limebaki suala la saa. Mfumo wowote utakaochaguliwa utaonyesha 08:00 wakati mzazi anasema saa mbili asubuhi, hata lugha ikiwa Kiswahili. Mweka hazina akiandika muda wa kikao, aandike na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.