Mizani Ubaoni na Mizani Masikioni: Tulichojifunza Katika Taarabu ya Wanafunzi

Katika ziara yetu ya masomo kisiwani Unguja tulihudhuria onyesho la taarabu la wanafunzi wa muziki. Tulitoka Kampala na wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, wote wakiwa wamefaulu somo la ushairi. Onyesho lilipokwisha tuliwauliza wameshika beti ngapi. Hakuna aliyeweza kutaja hata mmoja. Makala hii inaeleza sababu, ili watakaokwenda baada yetu wafaidi zaidi.

Kwanza, wapigaji. Zamani taarabu ilifundishwa ndani ya vikundi, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, mwanagenzi akikaa karibu na fundi na kumwiga. Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na vijana wakapata pa kusomea ala darasani. Ala zenyewe ni ngumu. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nayo hupigwa kwa mikono yote miwili. Shingo ya udi haina alama za kuonyesha pa kubana, hivyo mpigaji huongozwa na sikio lake tu. Mwanafunzi akiteleza kidogo, mpigie makofi aendelee.

Pili, mpangilio. Aghalabu onyesho hufunguliwa kwa bashraf, yaani muziki mtupu usio na maneno. Kisha huja wimbo: ala hutangulia, mwimbaji huimba ubeti, waitikiaji hupokea, na ala hujibu. Mtu akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji fedha, hiyo si fujo. Anaonyesha kwamba maneno yamemgusa, au kwamba kuna mtu pale anayetaka ayasikie.

Tatu, maneno, na hapa ndipo wanafunzi wetu walipokwama. Katika mazungumzo, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji wa taarabu huweza kuivuta silabi yoyote, hata neno moja likamaliza pumzi nzima. Anayengoja neno litamkwe kama darasani hupotea. Basi shika vina kwanza. Nyimbo nyingi za zamani zina beti za mistari mitatu, kila mstari ukiwa na vipande viwili vya mizani 8. Kina kikishaingia sikioni, kipande kizima hufuata. Tena mwimbaji hurudia mistari, kwa hiyo kilichokupita utakipata.

Kosa lilikuwa letu walimu. Tulifundisha mizani kwa chaki na kuhesabu vidole, bila sauti. Muhula huu, kabla ya kuhesabu chochote, wanafunzi husikiliza wimbo mmoja mara tatu wakiandika vina tu. Wale wale walioshindwa Unguja sasa hupata beti mbili au tatu. Tunawashauri walimu wenzetu wajaribu njia hii kabla ya kuwapeleka wanafunzi wao ukumbini.