Keki ya ghorofa ya siku ya kuzaliwa

Keki ya ghorofa ni keki inayojengwa kwa kupandanisha keki mbili au zaidi za ukubwa tofauti, kubwa ikiwa chini na ndogo juu. Katika sherehe za siku ya kuzaliwa za watoto, keki ya namna hii kwa kawaida hufuata mada moja, kama vile wanyamapori, garimoshi, bustani au bahari, na baadhi ya sehemu zake huchongwa kwa kisu ili zipate umbo linalokusudiwa.

Ghorofa ni tofauti na tabaka. Tabaka ni kipande cha keki kinachotenganishwa na kingine kwa krimu au jemu, na ghorofa moja huwa na matabaka mawili hadi manne. Kila ghorofa hukaa juu ya kibao chake, na uzito wake hubebwa na vijiti vilivyofichwa ndani ya ghorofa ya chini, si na keki yenyewe. Kanuni hii ndiyo inayotofautisha keki inayofika mezani ikiwa nzima na ile inayotitia kabla mishumaa haijawashwa.

## Historia

Desturi ya kumwekea mtoto keki yenye mishumaa ilijulikana Ujerumani tangu karne ya 18. Idadi ya mishumaa ililingana na miaka ya mtoto, na mara nyingi uliongezwa mmoja kwa ajili ya mwaka unaokuja. Keki zenye sukari nyingi zilikuwa za watu wenye mali hadi karne ya 19, bei ya sukari iliposhuka na bekingi pauda ilipopatikana. Mwingereza Alfred Bird, mwanakemia wa Birmingham, alitengeneza bekingi pauda yake mwaka 1843 kwa sababu mke wake hakuweza kula vyakula vilivyotiwa hamira.

Umbo la ghorofa lilitokana na keki za harusi za Uingereza. Masimulizi ya London hulihusisha na mnara wa kanisa la St Bride's uliobuniwa na Christopher Wren, ambao hupungua upana kadiri unavyopanda. Tatizo la uzito lilionekana mapema: katika harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria mwaka 1858, ghorofa ya chini tu ndiyo iliyokuwa keki, na zilizo juu zilikuwa sukari tupu. Keki ya harusi ya mwanamfalme Leopold mwaka 1882 hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza ambazo ghorofa zake zote ziliweza kuliwa.

Katika karne ya 20 ufundi huu ulitoka kwa waokaji wa matajiri ukaingia majumbani. Mwaka 1929 Dewey McKinley Wilton alianza kufundisha upambaji wa keki mjini Chicago, Marekani. Nchini Australia, jarida la *The Australian Women's Weekly* lilitoa mwaka 1980 kitabu cha keki za watoto chenye maumbo kama garimoshi, bata na bwawa la kuogelea, ambacho wazazi wengi walikitumia kuchonga keki wenyewe jikoni.

## Kupanga ukubwa

Kazi huanza kwa mchoro na hesabu. Ukubwa unaotumika sana kwa keki ya ghorofa mbili ni kipenyo cha sentimita 25 chini na 15 juu, kila ghorofa ikiwa na kimo cha sentimita 10 hivi. Tofauti hiyo huacha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka ghorofa ya juu, nafasi inayotosha kuweka mapambo.

Ujazo wa keki ya mviringo hupatikana kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo. Ghorofa ya sentimita 25 ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 4,900, na ile ya sentimita 15 takriban 1,770. Kipande cha upana wa sentimita 2.5, urefu wa 5 na kimo cha 10 kina ujazo wa 125. Kwa hiyo keki hiyo hutoa vipande 39 chini na 14 juu, jumla 53, ikiwa hakuna sehemu iliyochongwa.

Wanaoanza mara nyingi hudhani kwamba chombo chenye kipenyo maradufu huhitaji rojo maradufu. Kwa kimo kilekile, chombo cha sentimita 30 huhitaji rojo mara nne ya kile cha sentimita 15.

## Kuoka

Keki ya kuchonga huwa nzito kidogo kuliko keki laini ya chai. Keki ya siagi, ya chokoleti nzito au ya ndizi hukatika vizuri, lakini keki iliyoumuka sana kwa mayai hupukutika chini ya kisu. Moto wa wastani, nyuzi 160 hadi 170 za selsiasi, huifanya keki iive sawasawa bila kupasuka juu. Palipo na jiko la mkaa, chombo huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, kisha mkaa mchache huwekwa chini na mwingi zaidi juu ya mfuniko.

Keki iliyopoa hufungwa vizuri na kukaa katika jokofu usiku mmoja. Baridi huimarisha siagi iliyomo, na keki hukatika kwa makombo machache.

## Kuchonga

Kwa kawaida ghorofa ya juu peke yake ndiyo huchongwa, na ile ya chini hubaki duara ili iwe msingi. Katika keki ya wanyamapori, kwa mfano, ghorofa ya chini hupambwa kama mbuga, na ile ya juu huchongwa kichwa cha simba.

Matabaka hupandanishwa kwa krimu nyembamba na kuwekwa kwenye baridi hadi yashikane. Kisha umbo huchorwa kwenye karatasi mara mbili, likionekana kwa mbele na kwa ubavu. Karatasi hushikizwa kwenye keki na kingo zake hufuatwa kwa kisu chenye meno. Mpambaji hukata kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, akiizungusha keki mara kwa mara ili pande zote zilingane. Umbo hupunguzwa kuliko kipimo kinachotakiwa, kwa kuwa krimu na fondanti zitaongeza karibu sentimita moja kila upande.

Umbo lililo pana juu na jembamba chini huelekea kuanguka, hivyo shingo ya mnyama huachwa nene. Sehemu zinazochomoza, kama masikio na pua, hazichongwi. Hufinyangwa kwa makombo yaliyochanganywa na krimu na kubandikwa baadaye. Kwa njia hii vipande vilivyokatwa havipotei.

Baada ya kuchonga, keki hupakwa krimu nyembamba ya kukamata makombo, huwekwa kwenye baridi kwa nusu saa, kisha hupakwa mara ya pili.

## Kusimamisha ghorofa

Ghorofa ya juu ya sentimita 15 inaweza kufikia uzito wa kilo 2 ikiwa imepambwa. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya keki, huzama taratibu na kusukuma krimu nje.

Ili kuzuia jambo hilo, ghorofa ya juu hujengwa juu ya kibao kinacholingana nayo. Katika ghorofa ya chini huchomekwa vijiti vinne au vitano vya mbao safi au mirija minene ya plastiki, vikipangwa duara ndani ya eneo litakalofunikwa na kibao. Kijiti cha kwanza huchomekwa hadi chini, hutiwa alama usawa wa juu ya keki, hutolewa na kukatwa. Vingine vyote hukatwa kwa urefu huohuo. Kimoja kikiwa kifupi hakibebi kitu, na kimoja kikiwa kirefu ghorofa nzima huinama. Kwa safari, kijiti kirefu chenye ncha hupitishwa katikati ya ghorofa zote ili kuzuia kuteleza.

## Mapambo

Mapambo makuu ni krimu ya siagi, ganashi na fondanti. Krimu ya siagi hupendwa kwa ladha, lakini siagi huanza kuyeyuka inapokaribia nyuzi 32. Ganashi ya chokoleti nyeusi hutengenezwa kwa sehemu mbili za chokoleti kwa sehemu moja ya malai, na ikipoa huwa ngumu na kulinda umbo lililochongwa. Fondanti ni donge la sukari linalosukumwa kama chapati hadi unene wa milimita 3 au 4, kisha hufunikwa juu ya keki na kulainishwa kwa mkono. Kwenye umbo lenye mabonde hubanwa kwanza mashimoni, ndipo kingoni, ili isichanike.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, unyevu wa hewa huifanya fondanti itoe jasho na kunata. Waokaji wengi hubadilisha sehemu ya siagi kwa mafuta magumu ya mboga, hupunguza muda wa keki kukaa nje, na husafirisha ghorofa zikiwa mbalimbali ili kuziunganisha ukumbini.

## Usalama wa mtoto

Neno "haina sumu" kwenye kichupa cha pambo halina maana kwamba pambo hilo ni chakula. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa uliokuwa na shaba nyingi. Mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja huko Missouri alikutwa na risasi katika damu baada ya keki yake kupambwa kwa unga ambao haukutengenezwa kwa ajili ya chakula. Pambo la kuliwa huandikwa wazi kuwa linalika, na huwa na orodha ya viambato.

Vijiti, nyaya za maua na vinyago vidogo huhesabiwa wakati wa kuviweka na tena wakati wa kuvitoa. Ghorofa ya juu hushushwa na vijiti vyote hung'olewa kabla ya kukata ya chini. Aisingi yenye ute wa yai mbichi na pipi ngumu hazifai kwa watoto wadogo, na asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Pia ni lazima kuwauliza wazazi wa watoto walioalikwa kuhusu mzio wa karanga, maziwa au mayai kabla ya kuchagua viambato.