MENO YA MSUMENO NA UNENE WA CHUMA

Karakana ya mjini Morogoro yaweza kuletewa kazi mbili kwa siku moja: asubuhi bomba la kuteremshia maji kutoka milima ya Uluguru, lenye ukuta wa milimita 3, alasiri mhimili wa mashine ya kusaga nafaka, chuma kisicho na uwazi ndani, chenye kipenyo cha milimita 50. Msumeno wa utepe, ambao ukanda wake wa pua huzungushwa juu ya magurudumu mawili, huweza kazi zote mbili. Lakini utepe ufaao bomba haufai mhimili, na fundi asiyejua hilo hununua tepe kila mara.

Meno ya utepe huhesabiwa kwa inchi, yaani milimita 25.4. Kanuni ya mafundi ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Utepe wa meno 6 kwa inchi una nafasi ya milimita 4.2 hivi kati ya jino na jino. Ukuta wa bomba hutumbukia humo. Jino lifuatalo huugonga kwa nguvu zote za mashine, nalo hukatika. Likishakatika, mzigo wake huliangukia la nyuma yake, na punde utepe huwa kama kitana kibovu. Bomba hilo lataka meno 24.

Je, meno 24 yatumike kwa kila kitu? La. Katikati ya mhimili, meno 47 hivi yatakuwa ndani ya chuma kwa pamoja. Kila jino huchonga chenga, na chenga hizo hazina pa kukaa ila katika bonde dogo lililo mbele ya jino. Bonde likijaa, jino halikati tena bali husugua. Utepe hupata moto na kukata mshazari. Hapa meno 6 ndiyo yafaayo.

Joto hilo si jambo dogo. Pua ya kaboni huanza kupoteza ugumu wake ifikapo nyuzi 200 hivi za Sentigredi. Pua iliyotiwa tangisteni au molibdeni hustahimili karibu 600, lakini huvunjika upesi ikipindwa, na utepe hupindwa kila upitapo juu ya gurudumu. Kwa hiyo tepe bora huwa za metali mbili: mgongo wa pua inyumbukayo, na ukingo mwembamba wa pua ngumu uliochongwa meno.

Hata utepe huo hauponi katika mashine ya mbao. Mashine hiyo huukimbiza mita 1,000 kwa dakika au zaidi, ambapo chuma cha kawaida chataka mwendo wa chini ya mita 100.

Shule isiyo na mashine yaweza kujaribu kanuni hii kwa msumeno wa chuma wa mkono, ambao nyembe zake huwa za meno 18, 24 au 32. Bati la milimita 1 litamsumbua mwanafunzi hata kwa meno 32, kwani nafasi ya meno hayo ni milimita 0.8. Mafundi hulibana kati ya mbao mbili nyembamba katika jiliwa, wakakata mbao na bati kwa pamoja.