Fundi wa TV, kamera na geti: kazi imebadilika, badilisha pia jinsi unavyomlipa

Zamani kazi ya fundi wa TV ilikuwa rahisi kueleza. Unanunua TV na eria, fundi anapanda juu ya mabati, mtu mmoja anabaki sebuleni akipiga kelele "rudisha kidogo, hapo hapo!" Picha ikikaa sawa, unamlipa keshi na mnaachana.

Leo fundi huyo huyo anaitwa kufunga TV ukutani, kuficha nyaya, kuunganisha spika na wufa, kuweka kamera nne za CCTV, taa zinazowashwa kwa simu na geti inayofunguka yenyewe. Kazi imekuwa ndefu, pesa imekuwa nyingi, na sehemu kubwa ya kile unacholipia huwezi hata kukiona kwa macho. Lakini wateja wengi bado wanalipa kwa mtindo wa zamani: wanatuma pesa yote mara moja, kwa namba yoyote waliyopewa, kisha wanaanza kungoja. Hapo ndipo shida huanza.

Tuangalie biashara hii inavyofanya kazi siku hizi, na jinsi ya kupanga malipo yako ili wewe na fundi nyote mmalize kazi mkiwa marafiki.

Nini kimebadilika?

Kwa miaka mingi, faida ya biashara hii ilikuwa kwenye kifaa chenyewe. Mwaka 1997 TV bapa ya plasma ya inchi 42 ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa karibu dola 15,000. Muuzaji akiuza moja tu, anaweza kukufungia bure na bado abaki na faida nzuri. Leo TV kubwa kuliko hiyo inapatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei ile, na wewe mwenyewe unaweza kulinganisha bei za maduka kumi kwa simu kabla fundi hajafika.

Hapa Kenya mabadiliko yalikuja kwa awamu. Matangazo ya analogia yalizimwa mwaka 2015, na kila nyumba ikahitaji king'amuzi au TV ya dijitali. Kisha intaneti ya nyumbani ikaenea, filamu na mpira vikaanza kuja kupitia Wi-Fi, na TV ikawa kifaa kimoja tu kati ya vingi vinavyotegemea mtandao mmoja.

Kwa hivyo faida imehama. Fundi hapati tena pesa ya maana kwa kukuuzia TV. Riziki yake iko kwenye ufundi: kutoboa ukuta bila kugusa waya wa stima, kupitisha nyaya, kupanga mtandao, kuset apu, na kurudi kitu kikikataa. Ukiona bei ya ufundi iko chini sana kuliko ya wengine, uliza pesa yake anaipata wapi. Mara nyingi jibu ni kwenye vifaa, kwa kuongeza bei au kuleta vya hali ya chini.

Pesa yako inalipia vitu vinne

Omba bei iliyoandikwa, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na igawanywe hivi:

1. Vifaa vikubwa. TV, spika, kamera, mashine ya kurekodi, mota ya geti. Iandikwe aina na modeli, si "kamera 4" tu.

2. Nyaya na vitu vidogo. Hapa ndipo udanganyifu hujificha kwa urahisi. Kuna waya wa shaba halisi, na kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu tu. Huo wa pili ni wa bei ya chini, lakini ukipitisha stima ya kamera ndani yake kwa umbali mrefu, umeme unapungua njiani na kamera inaanza kuzimika usiku, taa zake zinapowaka. Uliza ni waya gani na uandikwe kwenye bei.

3. Ufundi. Kutoboa, kufunga, kuunganisha na kuset. Kama kazi inagusa nyaya za stima za nyumba, mtu anayeifanya anafaa kuwa na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe. Mtu aliye nayo hatakasirika.

4. Huduma ya baadaye. Ikiharibika baada ya miezi miwili, atarudi bure au utalipia? Usafiri ni wa nani? Watu wengi husahau kuuliza hili, kisha ndilo wanalogombania.

Mfano mmoja wa kwa nini maelezo ni muhimu. Fundi anakwambia mashine ya kurekodi ina diski ya terabaiti 1, "itakaa miezi." Piga hesabu. Kamera inayorekodi saa zote kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde inajaza karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni karibu gigabaiti 86. Diski hiyo inajaa kwa siku 11 au 12 hivi, kisha inaanza kufuta za mwanzo. Ukisafiri wiki tatu na mwizi aingie wiki ya kwanza, ukirudi huna ushahidi. Huenda unahitaji diski kubwa zaidi, au kamera zinazorekodi kukiwa na mtu anayetembea tu. Jambo kama hili lizungumzwe kabla ya kulipa.

Lipa kwa hatua

Tuseme kazi yote ni KSh 60,000: vifaa 38,000, nyaya na vitu vidogo 7,000, ufundi 15,000. Usitume 60,000 kwa mkupuo. Panga hivi:

- Vifaa, 38,000: lipa wewe mwenyewe moja kwa moja kwa duka, kwa till au paybill ya duka. Risiti na waranti zitoke kwa jina lako. Fundi anaweza kuandamana nawe kuchagua.
- Nyaya, 7,000: lipa hadwea siku ya kuanza kazi, vitu vikiwa mbele yenu.
- Ufundi, 15,000: 4,500 akianza, 7,500 nyaya zikishapita na kila kitu kikiwaka, na 3,000 za mwisho baada ya wiki moja mfumo ukiwa umefanya kazi bila matatizo.

Usimwonee fundi pia. Ana nauli, ana msaidizi wa kulipa jioni, na mafundi wengi wameshamaliza kazi kisha mteja akazima simu. Kwa hiyo ile ya kuanzia mpe bila kumzungusha, na ya mwisho mtumie siku mliyokubaliana. Hatua hizi zinamlinda yeye kama zinavyokulinda wewe.

Till, paybill au namba ya simu?

Ukilipa kwa till au paybill, jina la biashara linaonekana na rekodi inabaki wazi kwamba ulinunua huduma. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, rekodi inaonyesha tu kwamba ulimtumia mtu pesa. Fundi wengi wadogo ni waaminifu na hutumia namba zao za kawaida, hilo si kosa. Ila zingatia haya:

- Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Kama jina si la fundi wala la biashara mliyokubaliana, simama kwanza.
- Kuwa mwangalifu na namba ya mtu wa tatu. "Tuma kwa hii ya mwenzangu, yangu imejaa" ni sentensi ambayo imewaponza wengi. Mambo yakiharibika, mwenzake atasema hakujui.
- Thibitisha mabadiliko kwa kupiga simu. Ukipata ujumbe kwamba till imebadilika, mpigie fundi kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyokuja na ujumbe.
- Tuma ujumbe baada ya kila malipo. Kwa mfano: "Nimelipa 4,500 ya kuanza kazi ya kamera, imebaki 10,500 ya ufundi." Akijibu "sawa", hayo ni maandishi tosha.

Kumbuka pia: kurudisha muamala ni kwa pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Hakukusudiwa kutatua ugomvi kuhusu kazi. Ulimtumia mtu uliyekusudia, naye hakumaliza kazi? Hilo ni suala la makubaliano yenu. Ndiyo maana tunasisitiza kulipa kwa hatua.

Gharama ambazo haziishi

Siku hizi mifumo mingi ina malipo ya kila mwezi: intaneti, vipindi vya TV, na wakati mwingine kuhifadhi video za kamera kwenye mtandao. Jumlisha yote kabla ya kukubali. Kifaa cha bei ya chini chenye ada ya kila mwezi kinaweza kukugharimu zaidi kwa miaka mitatu kuliko cha bei ya juu kisicho na ada.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi dukani. Vifaa vingi vya "nyumba janja" vinategemea kompyuta za kampuni iliyovitengeneza. Kampuni ikizima kompyuta hizo, kifaa chako kinageuka kuwa pambo. Nchini Marekani, kifaa cha Revolv kilichouzwa kwa karibu dola 300 kiliacha kufanya kazi mwezi Mei 2016, baada ya kampuni kununuliwa na Nest na huduma yake kuzimwa. Mwezi Aprili 2022, huduma za Insteon pia zilizimika ghafla, na wateja wakaamka taa zao hazisikii simu.

Kwa hivyo uliza: intaneti ikikatika, taa itawaka kwa swichi ya kawaida? Stima ikipotea, geti ina betri, na je, ina ufunguo wa kuifungua kwa mkono? Kama jibu ni hapana, tafuta kifaa kingine.

Kabla ya kutuma salio la mwisho

Pitia orodha hii pamoja na fundi:

- Akaunti ya kamera na apu zote imesajiliwa kwa barua pepe au namba yako, si yake.
- Nenosiri la kiwandani limebadilishwa, na umelichagua wewe.
- Simu ya fundi imeondolewa kwenye mfumo. La sivyo anaweza kuona sebule yako akiwa kwake.
- Umetazama video ya jana usiku na sura zinaonekana.
- Umezima stima kwa swichi kuu na kuwasha tena. Je, kila kitu kimerudi chenyewe?
- Una risiti, waranti na picha za nyaya zilipopita kabla ukuta haujafunikwa.

Kama una nyumba ya kupangisha wageni, waambie kuna kamera, na kamwe usiziweke chumba cha kulala au bafuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda picha za watu pia.

Ikiwa mmekosana

Kwanza ongea naye, kisha mwandikie: kilichokubaliwa, ulicholipa, kilichobaki. Pakua taarifa yako ya miamala na uhifadhi ujumbe na picha. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Huko, rekodi ya malipo yenye tarehe na jina ina uzito kuliko "nilimpa keshi, Mungu ni shahidi."

Na jambo la mwisho: fundi akihitaji simu yako ili aset apu ya kamera, kaa naye na uandike mwenyewe kila nambari ya siri. Hakuna TV, kamera wala geti inayohitaji PIN yako ya pesa ili iwake. Anayekuuliza PIN, hata akiwa na drili mkononi, mwonyeshe mlango.